Kachumbari si maji ya nyanya

Ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa kukaanga haudai mengi pembeni. Kachumbari ikiwa nzuri, mlaji hata haoni kwamba samaki alikuwa nusu kipande. Shida ni kwamba kachumbari inayofika mezani katika nyumba nyingi za Kigoma, na kwa baadhi ya mama ntilie wa Mwanga na Ujiji, ni nyanya zinazoelea. Ikionekana haina ladha huongezwa ndimu, kisha chumvi, kisha pilipili, na mwisho mtu anatuma mtoto dukani kununua viungo vya pakiti. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa inayopotea bure. Kinachoharibu mboga zetu za pembeni ni maji, na kuyatoa hakuna gharama yoyote.

Tuanze na kitunguu, maana ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kwa watu watano chukua vitunguu maji viwili vya wastani, nyanya nne, tango dogo moja na ndimu moja. Kata kitunguu vipande vyembamba kwa kisu kikali. Kisu butu hakikati, kinaponda, na kitunguu kilichopondwa ndicho kinachowasha macho na kuacha ukali mdomoni. Nyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chai, fikicha kwa vidole mpaka vipande vilegee, acha dakika kumi. Chumvi itavuta maji ya kitunguu, na ule ukali utatoka nayo. Suuza mara mbili, halafu kamua kwa kiganja kwa nguvu. Hapo kwenye kukamua ndipo watu wanapochoka: wanasuuza vizuri, kisha wanatupia kitunguu bakulini kikiwa bado kinachuruzika. Wengine hawasuuzi kabisa, na wakija kuongeza chumvi mwishoni kachumbari inakuwa hailiki. Mkoa wenye Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa karne nyingi, hauna sababu ya kuiogopa chumvi. Cha kujua ni wakati wa kuitia na wakati wa kuitoa.

Nyanya ziwe ngumu kidogo. Pasua katikati, bana mbegu na ule ute wake ziangukie kwenye kikombe, kisha kata nyama yake. Ute usimwage hata tone. Una ladha nyingi kuliko nyama yenyewe, na mahali pake ni kwenye mchuzi wa dagaa. Tango nalo lipasue urefu na ukwangue mbegu kwa kijiko. Changanya vyote, lakini chumvi na ndimu viingie watu wakiwa wameshanawa mikono. Ukitia nusu saa kabla, chumvi itaanza kuvuta maji ya nyanya na utakuwa umerudi ulikotoka. Ndimu zikiadimika, siki kijiko kimoja cha chakula inatosha. Na miembe ikishabeba, embe bichi moja lililokwanguliwa linaipita ndimu kwa mbali.

Kabichi ndiyo mboga ya mwenye bajeti, ila watu wameizoea ya kupikwa tu, mpaka inanuka. Jaribu mbichi. Nusu kilo ikatwe nyembamba kama uzi, itiwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ikandwe dakika mbili kama unga wa chapati na kuachwa robo saa. Ikamue, utashangaa maji yatakayotoka. Tia karoti moja iliyokwanguliwa, juisi ya nusu ndimu, na konzi moja ya karanga zilizokaangwa bila mafuta na kutwangwa nusunusu. Karanga zitoe motoni kabla hazijafikia rangi unayoitaka, kwa sababu zinaendelea kuiva zenyewe kwenye sufuria ya moto. Zilizosinyaa, zenye ukungu au ladha chungu zitupe: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimaliziki kwa kukaangwa. Hata karanga nzuri za Tabora huharibika zikihifadhiwa penye unyevu.

Mboga mbichi zote zioshwe kwanza zikiwa nzima, halafu zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini kuonekana si hoja. Chumvi na ndimu si dawa ya kipindupindu.

Matembele yana kanuni ileile ya maji. Osha majani kabla ya kukata, yakung'ute, ndipo ukate. Pasha mawese vijiko viwili vya chakula kwa mafungu matatu, kaanga kitunguu kidogo, tia majani bila tone la maji na bila mfuniko, moto mkali, dakika nne au tano. Nyanya iingie mwisho kabisa. Ukiitanguliza, uchachu wake unageuza majani kuwa rangi ya kahawia, na mfuniko unafanya vivyo hivyo kwa kuzuia mvuke wenye uchachu usitoke. Kuna wanaotia magadi ili rangi ibaki. Rangi inabaki kweli, lakini vitamini C inaharibika. Mawese yenyewe msiyachome mpaka yapoteze wekundu, kwani wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Wala msiyamwagie kwenye saladi baridi, yataganda na kubandika kwenye kaakaa.

Kisamvu ni habari nyingine. Hakina njia ya mkato: kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Anayekukaribisha kisamvu cha dakika kumi mshukuru, kisha ule ugali na dagaa.

Siku ya maharage, chota vikombe viwili kabla hujayaunga. Chuja yakiwa bado ya moto, maana hapo ndipo yanaponyonya ladha, tia ndimu, chumvi na kitunguu kilichokamuliwa, acha yapoe. Parachichi likiwepo, likate juu wakati wa kula. Ndimu au nyanya zisiingie sufuriani maharage yakiwa hayajaiva, yatabaki magumu hata mkaa uishe.

Kachumbari iliyobaki usiilaze. Jioni hiyohiyo, mimina kwenye kikaango cha moto chenye kijiko cha mawese, tia dagaa walioondolewa vichwa na kukaangwa kavu, koroga dakika tatu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kachumbari ilishakuwa nayo.