Skripti za Skyrim: mjaribu apewe msimbo chanzo au asipewe?

Waundaji wa modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe) za Skyrim, mchezo wa video wa kampuni ya Bethesda uliotoka Novemba 2011, wana ubishi wa miaka. Ukiwaomba wachezaji wakujaribie skripti zako, yaani maagizo yanayoendesha modi, uwape msimbo chanzo wenyewe uliouandika, au faili lililokwisha kompailiwa tu, yaani lililogeuzwa kuwa lugha ya mashine ya mchezo? Skripti hizo huandikwa kwa lugha ya Papyrus: wewe unaandika faili la .psc, mchezo unaendesha .pex. Mjaribu basi anaweza kucheza hadi mwisho asione hata mstari mmoja wa msimbo.

Wanaoficha hawana wivu tu. Skripti mbichi ikisambaa huibukia ndani ya modi ya mtu mwingine, bila ruhusa, na ikiharibu mchezo lawama humfuata mwandishi wa kwanza. Ila kinga yao ni nyepesi. Programu iitwayo Champollion huigeuza .pex kuwa msimbo unaosomeka, ingawa maelezo uliyojiandikia pembeni hupotea. Mwizi hazuiliki, anayenyimwa ni mjaribu mwaminifu.

Naye anauhitaji kweli. Akiweka bEnableLogging=1 kwenye Skyrim.ini, faili la mipangilio ya mchezo, logi ya Papyrus (kumbukumbu ya matukio na makosa) humwonyesha skripti na funksheni iliyokwama, na mara nyingine namba ya mstari. Mwenye chanzo ataufuata mstari huo na pengine akuletee dawa yake. Asiye nacho atakuandikia "haifanyi kazi", kisha muanze kuulizana.

Mimi naliogopa zaidi toleo la zamani kuliko wizi. Skyrim huhifadhi hali ya skripti ndani ya seivu (mchezo uliohifadhiwa ili uendelezwe baadaye), pamoja na thamani zilizokwisha jazwa. Mjaribu akibandika toleo jipya juu ya seivu ya jana, anajaribu mchanganyiko ambao hukuuandika, na ripoti yake itakutuma kutafuta kosa lisilokuwepo. Kwa hiyo kila awamu ianzie kwenye seivu ambayo haijawahi kuigusa modi hiyo, na skripti yenyewe iandike namba ya toleo lake kwenye logi kwa Debug.Trace, amri ya Papyrus ya kuandika ujumbe humo. Ripoti isiyo na namba hiyo ningeiweka kando, hata kama mwenyewe atanuna.

Kuhusu ruhusa, sentensi moja ndani ya kifurushi inatosha: soma, badilisha kwako, usisambaze kabla ya toleo rasmi. Awamu za mwanzo zipitie kundi dogo. Tangu 2021, faili unaloliondoa Nexus Mods, tovuti ya kusambazia modi, huwekwa kwenye hifadhi badala ya kufutwa, kwa hiyo rasimu uliyoipakia kwa pupa haitakutoka kirahisi.

Skripti za hatua za mwisho wa hadithi ndizo pekee ambazo ningewabania wengi. Kwa kuwa zinafichua siri zote, hizo wape wajaribu wawili watatu tu wanaojua kunyamaza, chanzo na kila kitu.