Maoni niliyoandika kwenye karatasi yako umeyasoma?

Ijumaa usiku nimeshavua viatu meseji ikaingia. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, mbona mimi nimepata 54 na rafiki yangu kapata 61 wakati tuliandika vitu vilevile?"

Nikairudia mara mbili. Tuliandika vitu vilevile. Yaani kijana kajichoma mwenyewe, kwa heshima zote na shikamoo juu. Lakini sio hilo lililoniuma, kudesa nimekuzoea. Kilichoniuma ni kwamba ukurasa wa tatu wa asainmenti yake nilimwandikia mistari minne nikimweleza kabisa maksi zimeondokea wapi, na hajafika huko. Kaangalia namba ya juu, kafunga.

Watu wakisikia unafundisha chuo wanadhani kazi ni kusimama mbele masaa mawili, unatembeza slaidi, unabeba begi unaondoka. Hiyo ndo sehemu tamu jamani. Hata projekta ikigoma, na lazima igome siku uliyojiandaa vizuri, unachora ubaoni maisha yanaenda. Kazi yenyewe iko kwenye kusahihisha. Piga hesabu, darasa la watu 120, kila mmoja umpe dakika 10 tu, hizo ni dakika 1,200, masaa 20, na hiyo ni asainmenti moja ya somo moja, na hizo dakika 10 ni za mwandiko unaosomeka.

Masaa 20 ningeyatoa bila kunung'unika kama kuna mtu anasoma. Sasa tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 imefika mahali namwandikia maoni mtu ambaye na yeye hakuiandika hiyo kazi. Hakuandika, hatasoma, tuliohangaika na hiyo karatasi ni mimi na kalamu nyekundu. Na msiniambie habari za programu za kukamata maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, wenye hiyo ChatGPT, walileta ya kwao Januari 2023, kwenye majaribio yao ikakamata 26 tu katika kila maandishi 100 ya mashine, halafu ikawasingizia binadamu 9 katika 100, Julai mwaka huohuo wakaizima. Wenye mashine wameshindwa, mimi nimfelishe mtoto wa watu kwa hicho kitu? Namuita, namwonyesha sentensi moja nzito nzito, namuuliza hapa ulimaanisha nini. Ukimya wake unatosha. Ila kuita watu mmoja mmoja nako ni masaa, na hayo masaa hakuna anayeyahesabu.

Kuna mtafiti anaitwa Ruth Butler, mwaka 1988 alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa shule, wengine aliwapa maksi tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndo walipanda. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi waliopewa maksi tu, namba ilishayameza maoni. Wale walikuwa watoto wadogo, lakini niliposoma niliona darasa langu lote limekaa pale.

Nikajaribu muhula uliopita. Nikarudisha karatasi hazina maksi, maoni matupu, maksi nikabaki nazo kwenye daftari langu, nikasema nitazitoa baada ya wiki. Weee! Grupu la WhatsApp likawaka, siku ya pili kiongozi wa darasa yuko kwa mkuu wa idara, siku ya tatu nimeitwa mimi. "Mwalimu toa maksi kwanza, hayo mengine utayafanya baadaye." Nikatoa, ningefanyaje, mfumo wa matokeo una sehemu ya kujaza namba tu, maoni hauna pa kuyaweka.

Ila katika zile siku tatu alikuja binti mmoja, anakaaga nyuma, sijawahi kumsikia sauti. Kaja na karatasi kaikunja mara nne. "Ticha, hapa umeniandikia 'kwa nini?', mbona sababu nimeiweka ukurasa wa nyuma?" Nikageuza. Kweli ipo, mistari sita safi, mimi nilikuwa nimechoka sikugeuza. Tukabishana nusu saa pale kwenye korido, kuhusu somo, sio kuhusu maksi, maana hakuwa anazijua. Nilienda nyumbani nimechangamka kama nimelipwa, na kwenye daftari 48 yake nikaifuta nikaweka 57.

Mmoja kati ya 120. Mzee wa 54 nilimjibu usiku huohuo: fungua ukurasa wa tatu, soma nilichoandika, ukimaliza uje ofisini Jumatatu tuongee, na huyo rafiki yako mje naye. Tiki za bluu zikatokea hapohapo. Akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Sawa mwalimu. Kwa hiyo 54 inabaki?"