Mdoli gani unatisha watu wazima?

Jamani hivi nani aliwatuma hawa watengeneza midoli waseme mtoto anahitaji kinyonga aliyefanana na kinyonga mwenyewe? Mdoli si ufanane na mdoli basi! Sisi tumekua na magari ya makopo na mpira wa makaratasi na hakuna mtu alikimbia sebuleni bila viatu.

Shemeji yangu yuko Marekani, katuma boksi, dogo kafungua, likatoka lidude la manyoya la kijani, pembe tatu usoni, mkia umejikunja, unaingiza mkono kwa chini afu vidole vyako ndo vinachezesha mdomo, na ulimi upo, unauvuta unatoka huo mpaka unajiuliza unaishia wapi. Hadi nyayo wamezipatia, vidole viwili huku vitatu kule, kama wa kweli kabisa. Macho ndo balaa, moja linamwangalia mama watoto, lingine linakuangalia wewe na nyama yako. Mi nauliza tu, mtoto wa chekechea usahihi wote huo wa nini?

Na huyu wa pembe tatu ni wa kwetu bwana, Kenya yupo na hapa Mlima Meru yupo. Mwaka 1972 wakapelekwa wa Kenya huko Hawaii, wakatoroka wakazaliana, mpaka leo wapo porini kule wanakula wadudu wa watu. Yaani wa kweli wamebaki nao, sisi wanatuletea wa manyoya, lebo imeandikwa China, na ushuru nimelipa mimi.

Mama mkwe sasa. Kashuka huko mlimani na mkungu wake wa ndizi, hata hajakaa vizuri mjukuu kamtokea nyuma ya kochi, ulimi nje. Bibi hakupiga kelele, bibi mtu wa vitendo, kafungua fundo la khanga katoa ugoro kaumimina wote mdomoni mwa mdoli, si unajua zamani watoto walikuwa wanamwekea kinyonga tumbaku waone anavyobadilika rangi? Na huyu kabadilika kweli, kijani kimekuwa kahawia na hakitoki, maana lebo inasema usiloweke, futa na kitambaa chenye unyevu. Dogo analia, bibi ananigeukia, "Baba Junior, hiki kitu hakilali ndani ya nyumba yenye mwanangu." Ndio mama. Sasa utamjibu nini mama mkwe?

Fundi bomba yeye hakuaga. Kachungulia chini ya sinki kakuta dogo kakiegesha pale "kinalinda maji", akaondoka na advansi yangu, bomba liko wazi, jikoni tunatembea na ndala kama tuko bafuni. Nampigia namwambia fundi ni pamba ile, na hata wa kweli hana sumu, ananijibu "bosi, mi na hao viumbe hapana".

Nikajipa moyo angalau mwenye nyumba atatishika aache kugonga saa kumi na mbili asubuhi. Katishika kweli, dogo alimfungulia mlango mkono ukiwa ndani ya mdoli, mzee akarudi nyuma mpaka getini. Jioni meseji imeingia: kodi ya miezi mitatu iko palepale, na juu yake laki moja, faini ya kufuga mnyama wa porini bila ruhusa yake.