Mabao ya Salah na rekodi ya Hossam Hassan: uzito hauko sawa

Februari 2024 Hossam Hassan alikabidhiwa timu ya taifa ya Misri, akawa kocha wa mtu anayeifukuzia rekodi yake ya mabao mengi zaidi kwa Misri. Hesabu nyingine zinampa Hossam mabao 68, nyingine 69, katika mechi zaidi ya 160 kati ya 1985 na 2006. Mohamed Salah, aliyeanza 2011, alivuka mabao 60 akiwa na mechi 110 hivi.

Kwa wastani hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa waliofungwa. Kufuzu Kombe la Dunia 2026, Afrika iligawanywa katika makundi tisa ya timu sita sita, hivyo kila kigogo akapata kibonde wa kumfunga nyumbani na ugenini. Salah alimaliza na mabao tisa. Sita aliifunga Djibouti: manne Novemba 2023, mawili Oktoba 2025.

Hossam anatetewa kwanza na bao la Novemba 1989 jijini Cairo dhidi ya Algeria, lililoipeleka Misri Kombe la Dunia la Italia 1990. Ongeza mabao saba ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 1998, Misri ikibeba kombe, na lile la robo fainali 2006 dhidi ya DR Congo, akiwa na miaka 39.

Ila Salah naye si mfungaji wa vibonde tu. Oktoba 2017 aliifunga Congo-Brazzaville mabao yote mawili, la pili kwa penalti ya dakika za nyongeza, na Misri ikarudi Kombe la Dunia baada ya miaka 28. Hoja kwamba hana kombe la AFCON pia inamwonea. Wachezaji wa Misri waliobeba AFCON za 2006, 2008 na 2010 wengi walitoka klabu za Cairo, Al Ahly na Zamalek, watu waliozoeana. Salah alikuta kizazi hicho kinaondoka. Misri ikakosa AFCON za 2012, 2013 na 2015.

Fainali ya AFCON ya Februari 2022 dhidi ya Senegal alipangwa mpigaji penalti wa tano, mikwaju ikaisha kabla ya zamu yake. Hilo ni kosa la benchi: mpigaji wako bora humwachi nafasi ambayo huenda isifike. Mwezi uliofuata, Dakar, katika mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Senegal hao hao, akapiga wa kwanza kwa Misri. Akapaisha.

Akimpita Hossam, namba zitakuwa zake kihalali. Kwa mabao ya siku ngumu, bado nampa Hossam.