Kajiado: tusaidie nyasi kwanza au ua wa waya?

Kajiado, kusini mwa Kenya, nyingi ya ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zimeshagawanywa, kila familia na hatimiliki yake. Ndiyo maana msaada wa kurudisha nyasi za asili humfikia mwenye ardhi mmoja mmoja: zungushia ua, pumzisha malisho, panda mbegu.

Hoja ya kumsaidia kila mwenye ardhi peke yake ina uzito. Ardhi iliyokwanguliwa na mifugo hufanya gamba gumu, na mvua ikinyesha maji hukimbia na udongo. Mashimo ya nusu mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko, huyadaka. Humo hupandwa Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba, nyasi za huku huku zinazostahimili ukame. Mbegu hufunikwa kwa udongo kidogo tu, maana ikizikwa sana haioti, na ng'ombe hawaruhusiwi kugusa nyasi hizo hadi zikomae na kudondosha mbegu. Bila mtu mwenye kauli ya nani aingize mifugo na lini, kazi yote ni bure. Wala kutenga malisho si jambo geni kwa Wamaasai: olopololi karibu na boma, kwa ajili ya ndama, ni desturi yao.

Lakini mvua haifuati mipaka ya hatimiliki. Inaweza kunyesha kwako, jirani akabaki mkavu. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ilikosa mvua mfululizo. Wakati kama huo ng'ombe huokolewa na kuhama, na kila waya unaoongezwa hufunga njia. Asiye na fedha za waya hubanwa pamoja na wenzake kwenye kipande kilichobaki wazi, na hapo nyasi huisha kabisa. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu mradi utahesabu shamba lililopona, si lile lililoumia kwa ajili yake.

Kwa maoni yangu, fedha za waya ziende kwanza kwenye makubaliano ya majirani kupumzisha mashamba yao kwa zamu. Ugumu upo: mmoja akimuuzia mgeni, makubaliano yanavunjika. Hata hivyo Kitengela, huko huko Kajiado karibu na Mbuga ya Nairobi, kuanzia 2000, wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua wala kuuza, ili wanyamapori wapite. Malipo ya namna hiyo, yakipanda kulingana na bei ya ardhi, yanaweza kuwalinda ng'ombe pia.