Kazi ya R ya Kituruki Iko Mwisho wa Neno

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutamka R ya Kituruki, masomo karibu yote yatakupeleka mahali pamoja. Ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya meno, gonga ufizi mara moja, achia. Utaonyeshwa mchoro wa kinywa. Utaambiwa urudie "araba, araba, para, para" mpaka ulimi ulegee, na utatiwa moyo usikate tamaa kwa sababu sauti hii ni ngumu.

Ngumu kwa nani? Masomo hayo yametungwa kwa ajili ya Mwingereza na Mmarekani, ambao R yao haigongi ufizi. Sisi R ya kugonga tunayo. Anayesema "bara", "kura" na "mara moja" amekuwa akigonga ufizi tangu alipoanza kuongea, na shuleni tulifundishwa hata jina la sauti hiyo: kimadende. Mswahili anayekaa kila jioni kurudia "araba" anafanya mazoezi mahali ambapo hana tatizo. Nadhani ndiyo maana unamkuta mtu ana Kituruki kingi kichwani, sarufi ameimeza yote, lakini akifungua mdomo dukani anajulikana kabla hajamaliza neno la kwanza.

Tatizo letu liko mwishoni mwa neno.

Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. Kila tunachokopa tunakitafutia irabu ya kumalizia: basi, benki, kadi, treni. Kituruki hakina shida hiyo hata kidogo, na R ndiyo imejazana huko mwishoni. Wingi wa majina ni -ler au -lar. Kitendo kinachoendelea kinabeba -yor. Kitendo cha mazoea nacho huishia kwa R: gelir, yapar. "Kuna" ni var, "moja" ni bir, "kila" ni her, "hapana" ni hayır. Hata kumuaga mtu, iyi günler, au kumshukuru, teşekkürler, huwezi bila kuikuta R imekaa pale mwisho inakusubiri.

Mtego unakuwa mkubwa zaidi kwenye maneno tunayoyafahamu. Waturuki nao walikopa kwa Waarabu na Waajemi kama tulivyokopa sisi, kwa hiyo msamiati mwingi tunauona kama wa nyumbani. Habari ni haber. Safari ni sefer. Daftari ni defter, waziri ni vezir, sukari ni şeker, amri ni emir, umri ni ömür. Mgeni anafurahi kukuta ndugu zake, na mdomo, kwa mazoea, unamalizia i yake pale pale ilipozoea kukaa: haberi, defteri, şekeri.

Wengi wataniambia si kitu, ni lafudhi tu, Mturuki ataelewa. Hapo mimi nakataa. Ile i tunayoiongeza ni kiambishi kamili katika Kituruki, na kina kazi. Defter aldım ni "nimenunua daftari", daftari lolote. Defteri aldım ni lile daftari tunalolijua mimi na wewe; kazi ambayo sisi tunaifanya kwa -li- katika "nimelinunua", wao wanaifanya kwa hiyo i ya mwisho. Tena umbo hilo hilo huonyesha mwenye mali: defteri pia ni "daftari lake". Sasa angalia vurugu inayoweza kutokea. Haber var mı? ni "kuna habari?" Haberi var mı? ni kuuliza kama mtu fulani analijua jambo hilo. Bir ni moja. Biri ni mtu fulani. Na inayonifurahisha kuliko zote ni ile ya mezani. Unataka sukari ya chai, unauliza şeker var mı? Ukiongeza i yako ikawa şekeri var mı?, umeuliza kama mtu ana kisukari. Mzee mwenye duka la chai hatakusahihisha lafudhi. Ataanza kukueleza hali yake ya afya, na pengine ya mkewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuifunga R, neno likome pale. Wenzetu waliopita madrasa wana mtaji mkubwa hapa na sijui kwa nini hawautumii. Surat al-Kawthar ina aya tatu, na zote tatu ukisimama zinaishia kwa R: kawthar, wanhar, abtar. Al-Asr hivyo hivyo: asr, khusr, sabr. Mtoto wa Lamu, Tanga au Pemba amezifunga R hizo mbele ya maalim wake kabla hajajua Uturuki iko upande gani. R ya Kiarabu ni nzito kuliko ya Kituruki, ni kweli, lakini nusu ya kazi, yaani kutotia irabu, imeshafanyika. Kiingereza chetu, kwa upande mwingine, hakitusaidii kitu: "car" tunaitamka "kaa" tukaendelea na safari.

Nusu ya pili ndiyo ambayo masomo mengi huipita haraka. R ya Kituruki ikifungwa mwishoni mwa neno haibaki ile ya "araba". Ulimi unapanda kuelekea kwenye ufizi, koo linazima sauti, lakini pumzi inaendelea kutoka. Kinachosikika ni mvumo mwembamba ambao sikio geni hulisoma kama "sh" au "s". Var inasikika kama "varsh", bir kama "birsh". Kwa istilahi zetu za shuleni tungesema kimadende kimekuwa sighuna na kimesogea upande wa vikwamizo.

Maandishi hayatakuonyesha jambo hilo. Mwaka 1928 Waturuki waliacha hati ya Kiarabu wakachukua herufi za Kilatini, 29 kwa jumla, na fahari yao mpaka leo ni kwamba neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Kwa sehemu kubwa wana haki ya kujivunia. Lakini R yao ni herufi moja yenye sura zaidi ya moja, na ukimuuliza Mturuki wa kawaida kuhusu huo mvumo, usishangae akikuambia haupo. Hausikii, kama sisi tusivyosikia kwamba b yetu ya "baba" inavuta hewa kuingia ndani badala ya kuitoa nje. Mwenye lugha ndiye wa mwisho kuulizwa mdomo wake unafanya nini. Msikilize, usimuhoji.

Njia ninayoiamini ni kunong'ona. Sema "va" kwa sauti yako ya kawaida, kisha ile R inong'one. Weka vidole viwili kooni: kwenye "va" koo linatetemeka, kwenye R linatakiwa litulie. Likiendelea kutetemeka, jua kuna "ri" au "ru" inakuja. Ukishaweza var, nenda bir, her, kadar, şeker. Na usipitilize. Wako waliogundua mvumo huu wakaupenda mno, sasa wanasema "vash" na "bish", R yenyewe imepotea. Ulimi lazima ufike, au ukaribie kufika, pale pale kwenye ufizi. Isitoshe Waturuki hawalingani katika hili: kwa wengine mvumo ni mkali, kwa wengine hausikiki sana, na mara nyingi hujitokeza zaidi neno linapokuwa la mwisho kabla msemaji hajapumzika.

Neno linalofuata likianza kwa irabu, mambo yanabadilika, na hapa Mswahili anapeta. Bir elma, tofaa moja, hutamkwa kama "bi-rel-ma". Her akşam, kila jioni, ni "he-rak-şam". R inahamia silabi ya mbele, inapata irabu yake, inakuwa kimadende chetu cha kila siku. Wenyewe wanaliita jambo hilo ulama. Sijaona sababu ya kulifundisha kama kanuni. Ukiongea kwa kasi ya kawaida linakuja lenyewe.

Halafu kuna R zisizokuwepo kabisa. Mtaani bir inakuwa bi, kwa hiyo "dakika moja" utaisikia bi dakka. Geliyor, anakuja, inakuwa geliyo. Ne yapıyorsun, unafanya nini, inasagika mpaka inabaki napıyosun. Hapa ndipo ninapowaona wanafunzi na wafanyabiashara wanaachana njia. Anayekwenda kwa ufadhili wa Türkiye Bursları kwa kawaida hupitia mwaka wa lugha darasani kabla ya kuanza shahada. R zake zote anazitamka kama zilivyo kitabuni, moja baada ya nyingine, na anaamini anayesema geliyo ni mvivu. Anayekwenda Istanbul kuchukua mzigo wa nguo Laleli au Merter hana kitabu. Anaiga kilichomwingia sikioni. Kwa sikio langu, wa pili mara nyingi anasikika vizuri zaidi, hata kama sarufi yake ina mashimo. Ushauri wangu kwa wanafunzi: iangusheni R kwenye bi na kwenye -yo mnapoongea na watu, itamkeni mnapowasilisha kazi mbele ya profesa. Lakini var na hayır msiziguse. Hizo haziangushiki.

(Tamthilia zao tunazozitazama jioni hazina msaada hapa. Zimetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo masultani wote wanaongea kwa R ya Kinondoni.)

Waturuki wenyewe wana pahali R inapowashinda, na wengi hawapendi kukumbushwa. Maneno ya asili ya Kituruki hayaanzi kwa R. Radyo, roman, resim, renk, ramazan, yote yametoka nje. Leo watu wa mjini wanayatamka bila taabu, lakini wazee wa vijijini bado wanatanguliza irabu: Iramazan, İrecep. Mdomo wao ulikataa R mbele kama wetu unavyoikataa nyuma, na dawa yao ilikuwa ile ile yetu, kuiongezea irabu. Kwa hiyo "defteri" ya Mswahili haina sababu ya kumtia mtu aibu. Ina sababu ya kumfanya arekebishe, basi.

Mpaka hapa nimesema na wale ambao R na L kwao ni sauti mbili. Kuna wenzetu ambao lugha ya mama haikuwapa zote. Kikikuyu kinaandikwa kwa R bila L. Msukuma amekulia kwenye L. Kiganda kinazo zote mbili, lakini R inakaa baada ya e na i tu, kwa hiyo masikioni mwa Mganda ni kitu kimoja chenye nguo mbili. Watu hawa wamechekwa vya kutosha, Kenya na Tanzania, kwa "kurara" na "balabala", na mzaha huo sijawahi kuuona unamfundisha mtu kutamka. Ila nitakuwa mwongo nikisema Kituruki kitawavumilia kama Kiswahili kinavyowavumilia. Sarı ni rangi ya manjano, Salı ni Jumanne. Gör ni "ona", göl ni ziwa. Kar ni theluji, kal ni "baki". Para ni pesa, pala ni silaha ya kukatia, jamaa ya panga letu. Na pesa yenyewe ni lira, L na R ndani ya neno moja, utalitamka kila ukinunua mkate. Kwa hawa tu, lile zoezi la "araba, para" nililolisema vibaya mwanzoni lina maana, alimradi waliweke sambamba na "ala, pala".

Watoto wa Kituruki wenyewe wana tekerleme, misemo ya kukwaza ulimi, na huhitaji kulipia somo lolote kuipata. Wa L na R waanze na huu: Dal sarkar, kartal kalkar, kartal kalkar, dal sarkar. Tawi linainama, tai anaruka. Tai anaruka, tawi linainama. Sisi wa irabu za mwishoni tuna wetu, wa vinyozi wawili, ambao katika mojawapo ya sura zake unasema: Bir berber bir berbere, gel beraber bir berber dükkânı açalım demiş. Kinyozi mmoja kamwambia mwenzake, njoo tufungue duka la kunyolea pamoja. Berber wa kwanza anafungwa, hana irabu, ndiye anayesema. Berbere wa pili ana e mwishoni, kwa sababu ndiye anayeambiwa. Ukiwapa wote irabu, au ukiwanyima wote, haijulikani tena nani kamwita nani. Usianze kwa kasi. Anza polepole, vidole kooni, kinyozi wa kwanza umnong'one, wa pili umtamke wazi. Ukifika demiş bila kuwachanganya, nenda kanunue sukari.