Tope linapovimba kiwandani: kuua nyuzi au kulisha bakteria?

Chota lita moja kwenye tangi la hewa la mtambo wa majitaka, ambamo tope la bakteria hula uchafu, mimina kwenye silinda, ngoja dakika 30. Ikiwa yabisi, yaani tope lenyewe bila maji, ni gramu 3, tope zuri hushuka hadi mililita 300 hivi. Lililovimba hugoma kwenye 900, yaani mililita 300 kwa kila gramu, ilhali ukipita 150 tayari una tatizo. Viwanda vya vyakula huvijua vizuri vipindi hivi, na wengi hukimbilia klorini.

Wanaoitetea hawabahatishi. Bakteria wa nyuzi, wale warefu kama uzi wanaozuia tope kushuka, huchomoza nje ya vibonge vya tope, kwa hiyo sumu huwafikia wao kwanza. Ukiitia kwenye tope linalorudishwa tangini, kilo 2 hadi 10 kwa siku kwa kila tani ya tope hai, siku chache tu hali hutulia. Tope likishaanza kumwagika nje pamoja na maji yaliyosafishwa, huna nafasi ya kungoja.

Lakini kilicholeta nyuzi hakijaguswa, na ukizidisha dozi unaua pia bakteria wanaoondoa amonia, ambao huchelewa sana kurudi. Ndiyo maana mimi huwasikiliza zaidi wale wanaoomba mbolea, ingawa ombi lao huchekesha ofisini: ununue yurea uimwage kwenye maji machafu?

Piga hesabu. Majitaka ya sukari au wanga yamejaa chakula cha bakteria, ila naitrojeni na fosforasi ni haba. Uwiano unaofuatwa wa uchafu, naitrojeni na fosforasi ni 100:5:1. Mzigo wa kilo 2,000 za uchafu unaooza, kwa kipimo cha BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuuozesha), unadai kilo 100 za naitrojeni kwa siku. Yakija na 40 tu, pengo la 60 ni kama kilo 130 za yurea, kila siku, na fosforasi bado. Bakteria wenye njaa hiyo huzalisha nyuzi, au hutoa utelezi unaoshika maji. Utelezi huo klorini haiutibu kabisa, na bila hadubini hutajua unapambana na kipi.

Yurea nayo si dawa ya kila kitu. Nyuzi zilizoletwa na uhaba wa oksijeni au salfaidi hazitaijali, na ikizidi utaikuta kwenye maji yanayotoka. Basi pima amonia na fosfati hapo mwishoni. Zote zikikaribia sifuri wakati tope limevimba, ningeagiza mbolea kwanza, na pipa la klorini libaki stoo kwa siku ya dharura.